Kuipima barabara kwa hofu ya mwenye baiskeli

Barabara inaweza kumaliza mwaka bila ajali hata moja ya baiskeli na bado ikawa mbaya kwa baiskeli. Wenye baiskeli wameikimbia, basi. Mama aliyekuwa akipeleka samaki sokoni kwa baiskeli siku hizi anapanda daladala, watoto wa skuli wanapita njia za nyuma, na mzee wa majani ya ng'ombe anatoka mara tu baada ya sala ya alfajiri ili arudi magari hayajajaa. Daftari la ajali linabaki safi, na anayelisoma ofisini anaona hakuna tatizo.

Kwa hiyo anayetaka kuijua barabara, Unguja au Pemba, aipime hofu kwanza. Hofu ya mwenye baiskeli ina vyanzo vinavyojulikana na vinavyopimika: kasi ya magari, mara ngapi yanakupita, nafasi yanayokuachia, hali ya ukingo wa lami, na kama kuna pa kukimbilia mambo yakiharibika. Vifaa ni vichache: futi ya mita 5, rula, chaki, daftari, na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.

Usiipime "njia ya Bububu" au "njia ya Paje" kama kitu kimoja. Ikate vipande kila kinapobadilika kitu: lami inapopungua upana, pembeni pa kupita panapoanza au kwisha, nyumba zinapoanza, kona inapojificha nyuma ya miti. Kipande cha mita 200 mpaka kilomita moja kinatosha. Kila kipande kipimwe mara mbili, kwenda na kurudi, kwa sababu pande mbili za barabara moja hazifanani hata kidogo. Pemba hili ni lazima. Kwenye vilima vya Mkoani na Chake, anayepanda mlima akiwa na mzigo huenda kilomita 6 au 7 kwa saa, na kwa mwendo huo baiskeli huyumba. Anahitaji nafasi pana zaidi, na magari yanayompita ni mengi zaidi kwa kila kilomita. Anayeteremka yuko karibu na kasi ya magari, lakini breki zake ni vipande vya mpira juu ya rimu ya chuma, na rimu ikilowa mvua hazishiki. Hizo ni hofu mbili tofauti. Ziandike mbalimbali.

Mwaka 2012 watafiti Maaza Mekuria, Peter Furth na Hilary Nixon, waliofanya kazi yao katika mji wa San José, Marekani, waligawa barabara katika madaraja manne: la kwanza hata mtoto anapita, la pili wanalivumilia watu wazima walio wengi, la tatu ni la waliozoea, la nne ni la wasioogopa kitu. Katika barabara nyembamba ambayo baiskeli na magari vinachanganyika, kasi ya hadi kilomita 40 kwa saa huibakisha katika madaraja mawili ya mwanzo. Ikikaribia 50 huanza kuwatoa watu, na ikifika 56 ni daraja la nne. Ila lenye faida kubwa kwetu katika kazi yao ni hili: njia nzima hupewa daraja la kipande chake kibaya kuliko vyote. Kama mtu ana kilomita 6 mpaka sokoni, tano na nusu ni shwari, na nusu iliyobaki ni kiplefti au daraja la kuvukia mto lisilo na pembeni pa kupita, basi njia yake ni hiyo nusu kilomita. Wastani hapa unadanganya. Hakuna anayepanda wastani.

Kasi ipime hivi. Piga mistari miwili ya chaki, mita 50 kati ya mmoja na mwingine. Kaa kando, mbali na lami, na usivae fulana ya kung'aa wala kushika daftari juu juu, maana dereva atadhani trafiki na atapunguza mwendo. Gari ikigusa mstari wa kwanza anza kuhesabu, ikigusa wa pili simamisha, kisha gawanya 180 kwa sekunde ulizopata. Jibu ni kilomita kwa saa. Sekunde 6 ni kilomita 30, sekunde 3.6 ni 50, sekunde 3 ni 60. Pima magari 20, yapange kuanzia ya polepole mpaka ya kasi, kisha itazame ya 17. Hiyo ndiyo kasi ya kuandika. Ukichukua ya katikati utawaficha wale wachache wanaomtisha mtu akaacha kupanda.

Baada ya kasi, mara ngapi unapitwa. Hesabu magari yanayokwenda upande wako kwa dakika 15, zidisha kwa 4 upate ya saa. Gawanya mwendo wa baiskeli kwa mwendo wa magari, jibu litoe kwenye 1, kisha zidisha kwa idadi ya magari. Tuseme magari 300 kwa saa yanakwenda kilomita 60, na wewe unakwenda 15. Unapitwa mara 225 kwa saa, yaani kila baada ya sekunde 16. Magari hayo hayo 300 yakienda kilomita 30, unapitwa mara 150 tu, kila sekunde 24. Kupunguza kasi kunalainisha tukio lenyewe na kunapunguza idadi ya matukio.

Aina ya gari iandikwe pia. Vespa na keri, ile gari ndogo ya mizigo, si sawa na Fuso, lori la kifusi. Lori likikupita kwa mwendo mkali, upepo wake hukusukuma nje kwanza, halafu likishapita hukuvuta ndani kuelekea katikati ya barabara. Mwenye baiskeli tupu huinama kidogo na yakaisha. Mwenye tenga la samaki au robota la majani linalotokeza huku na huku la karia ana tanga nyuma yake. Wakati wa kusi, barabara zilizo wazi za kusini na mashariki ya Unguja huongeza upepo wa pembeni: lori huukata ghafla likikufikia, kisha upepo unarudi wote kwa pamoja likishapita. Ndiyo maana kipande kile kile huwa na alama moja wakati wa kaskazi na nyingine mwezi wa Julai.

Upana nao ni hesabu ya kutoa. Chukua lami ya mita 6. Lori ni mita 2.5, daladala ya Coaster ni kama mita 2. Wakipishana, vioo vyao na nafasi kati yao vinakula karibu mita moja. Unabaki na nusu mita. Usukani wa baiskeli peke yake ni sentimita 60, na mpandaji huyumba sentimita 20 kila upande, kwa hiyo anahitaji mita moja kamili kabla hujamwachia nafasi yoyote. Ufaransa nje ya miji na Ujerumani ndani ya miji sheria inamtaka dereva aache mita 1.5 anapoipita baiskeli. Ukiiweka hesabu hiyo juu ya lami yetu, mita 1 ya baiskeli, 1.5 ya nafasi na 1.7 ya gari ndogo ni 4.2: gari lazima livuke katikati ya barabara. Maana yake, penye lami ya mita 6 dereva hana njia ya kukupita vizuri ikiwa kuna gari inayokuja mbele. Ama asubiri nyuma yako, ama akubane.

Basi hapo ndipo pa kutazama. Simama ubavuni, tazama mara 20 ambazo gari mbili na baiskeli moja vinakutana mahali pamoja, uandike wangapi walisubiri na wangapi walibana. Kutaka kujua sentimita zenyewe, chora alama za chaki kila nusu mita kutoka ukingoni, funga simu kwenye nguzo irekodi, na mwenzako aliyezoea apite kwa mwendo wake wa kawaida. Ukirudi nyumbani simamisha picha tairi linapofika kwenye alama. Toa sentimita 20 za kioo, maana kioo ndicho kinachokaribia kiwiko, si tairi.

Sasa ukingo wa lami. Hapa ndipo wapimaji wengi wanapita haraka, na hapa ndipo hofu nyingi inapozaliwa.

Maji ya masika yasipokuwa na mtaro hutiririka pembeni na kuuchimba udongo chini ya lami. Daladala zinapotoka na kurudi barabarani tairi linauvunja ukingo uliobaki bila kitu chini. Kidogo kidogo lami inaliwa, na barabara iliyojengwa mita 6 inakuwa mita 5.4 penye meno mabaya. Kila hatua 20 andika namba tatu: upana wa lami iliyo nzima, kina cha kushuka kutoka lami mpaka chini, na upana wa pembeni unaoweza kubeba tairi. Kina pima kwa rula iliyosimama wima. Chini ya sentimita 2 si kitu. Ikifika 5, weka alama nyekundu.

Sababu ya alama nyekundu ni hii. Gari inapiga honi nyuma, mwenye baiskeli anateremka kushoto kuipisha. Gari ikishapita anataka kurudi, anakata usukani kulia kwa mshazari. Tairi la mbele linagonga ule ukuta mdogo wa lami lakini halipandi. Linaburuzika ubavuni mwake. Mwili tayari umeshalala kulia, usukani haugeuki tena kuufuata. Anaanguka kulia, na kulia ndiko kwenye magari. Sentimita 5 za kina ni hatari kuliko shimo la katikati ya barabara, maana shimo kila mtu analiona. Anayefundisha mtoto kupanda amwambie: ukishateremka, usirudi ukiwa mwendoni, simama, nyanyua gurudumu, anza upya. Watoto wa shamba wanalijua hili, wa mjini wengi hawalijui.

Pembeni papimwe kwa kisigino. Kanyaga kwa uzito wako wote: kisigino kikizama, hapo si pa kukimbilia. Kifusi cha mawe ya matumbawe hushika vizuri kikishindiliwa, lakini kikiwa kimetawanyika ni kokoto zenye ncha zinazotoboa tyubu na kuteleza chini ya tairi. Ukanda wa Paje, Jambiani na Nungwi una mchanga mweupe unaotambaa juu ya lami. Hata ukiwa mwembamba, kwenye kona unaangusha. Udongo mwekundu wa Pemba ukikauka ni mzuri kabisa, ukilowa ni sabuni.

Tena angalia nani amepakalia pembeni. Matofali ya mjenzi, keri iliyoegeshwa, meza ya machungwa. Pemba wakati wa mavuno, majamvi ya kuanikia karafuu hufika mpaka kwenye lami, na hakuna mwenye akili atakayepita juu ya karafuu za mtu. Pembeni penye upana wa mita 1.2 lakini pana kizuizi kila mita 100 ni pabaya kuliko pasipo na pembeni kabisa, kwa sababu kila kizuizi kinamtoa mwenye baiskeli ghafla mbele ya magari ambayo hayakumtarajia. Hesabu mara ngapi kwa kilomita analazimika kutoka na kuingia. Namba hiyo iandikwe karibu na ile ya upana, visomwe pamoja.

Vituo vya daladala vinataka kusimamiwa peke yake, dakika 15 asubuhi na 15 kabla ya magharibi. Gari ya abiria inamtisha mwenye baiskeli mara tatu: inapompita kisha kufunga breki mbele yake kwa sababu abiria amegonga bodi ashuke, inaposimama huku mkia wake uko juu ya lami, na inapoondoka, utingo akishapiga kelele ya kwenda, bila dereva kutazama kioo cha kulia. Mwenye baiskeli hana chaguo zuri. Akipita kulia anaingia kwenye magari. Akipita kushoto anawagonga wanaoshuka. Akisimama na kilo 40 kwenye karia, mita chache za kwanza za kuondoka atayumba kama anayejifunza. Andika magari mangapi yalisimama na mangapi yaliingiza magurudumu yote manne nje ya lami. Yasipoingia, tafuta sababu kabla ya kulaumu. Mara nyingi kituo kina dimbwi au shimo mlangoni, na dereva hataki kuvunja springi. Gari mbili za kifusi kilichoshindiliwa hapo zinaweza kuwasaidia wenye baiskeli kuliko mabango kumi.

Matuta ni dawa nzuri ikiwekwa vizuri. Katika msitu wa Jozani, kwenye barabara ya kwenda Paje, yaliwekwa kwa ajili ya kima punju waliokuwa wakigongwa, na mwenye baiskeli anayepita hapo anafaidi kasi ile ile iliyopungua. Lakini tazama ncha za tuta. Likiishia sentimita 60 kabla ya ukingo ili baiskeli ipenye, madereva nao huvuta kushoto ili tairi moja lipite pale pale, tena wanaangalia tuta na si wewe. Likifika mpaka mwisho, mzigo wa karia unarushwa na mayai hayasalimiki. Kinachofaa ni nafasi ya kupenya yenye nguzo fupi au jiwe kubwa upande wa magari.

Kwenye kiplefti, kama cha Michenzani, cha kupima ni kimoja: wenye baiskeli wanaoambaa ukingo wa kushoto wanakatwa mara ngapi na magari yanayotoka. Anayezunguka akiwa ameshika katikati ya njia yake huonekana zaidi, lakini watu wengi hawathubutu, na kutothubutu huko nako kuandikwe.

Namba zikishakamilika, waulize wenyewe. Usiwaulize tu wanaopita, maana hao ndio waliovumilia. Roger Geller, aliyekuwa akishughulikia njia za baiskeli katika mji wa Portland, Marekani, alikadiria mwaka 2006 kwamba watu kama 60 katika kila 100 wangependa kupanda lakini wanaogopa. Wa kwetu wako majumbani, kwenye mabaraza na kwenye mabanda ya mafundi, baiskeli imeegeshwa ukutani tairi zimeisha upepo. Watafute huko.

Na uulizaji una adabu yake. "Shikamoo mzee, pole na safari. Nikuulize kidogo habari za njia hii?" Akishasema marahaba, usianze na kama anaogopa, mwanamme mtu mzima hatakubali mbele ya watu kwamba gari inamtisha. Uliza: wapi unashuka ukasukuma? Wapi unatoka nje ya lami bila kupigiwa honi? Saa ngapi huipiti njia hii? Na lile linalofungua mdomo wa kila mtu: mjukuu wako wa darasa la tano ungemwachia apite hapa peke yake? Mzee aliyekwambia njia haina neno, kwa swali hili atakutajia kona kwa kona, mti kwa mti. Mwanamke aliyevaa baibui muulize peke yake, na bora aulizwe na mwanamke. Atakueleza habari ya vazi kuvutwa na upepo wa lori na kukamatwa na mnyororo, jambo ambalo waulizaji wanaume hawalipati.

Kisha kila kipande kipe alama 1 mpaka 5, kila alama iwe na maana moja kwa wote: 1 mtoto anapita peke yake, 2 mtu mzima anapita bila wasiwasi, 3 anapita akiwa macho muda wote, 4 anapita akilazimika, 5 anashuka au haendi kabisa. Pale namba za futi na sekunde zinapopingana na wanayosema watu, rudi ukapime tena saa wanayoitaja wao. Saa moja kabla ya futari mwezi wa Ramadhani magari hukimbia kwa namna nyingine kabisa. Usiku, taa za gari inayokuja hukufanya usiuone ukingo, na kina cha sentimita 5 ulichokiandika mchana kinakuwa mtego. Mvua ikinyesha dimbwi la pembeni linakusukuma mita moja ndani ya barabara.

Unapompelekea sheha au mhandisi wa barabara, peleka karatasi moja: mchoro wa njia, vipande vyenye 4 na 5 kwa rangi nyekundu, na kando ya kila kimoja sababu na kazi inayotakiwa. Kujaza pembeni kifusi na kushindilia mpaka kilingane na lami, mita kadhaa. Kukata matawi kwenye kona. Kuziba dimbwi la kituo. Kazi za namna hii mara nyingi hazihitaji kungoja mradi wa barabara mpya. Alama zako za chaki zipige upya kwa rangi kwenye nguzo za umeme au mawe ya kilomita, kwa sababu masika yakiisha lazima upime tena mahali pale pale: kifusi kisichoshindiliwa huondoka na mvua ya kwanza, na kina kinarudi.